Kamera za Majini: Historia Fupi kwa Mtu Aliyeko Nairobi

Wiki hii naweka programu pembeni kidogo. Nimekuwa nikitafuta kamera yangu ya kwanza ya kupigia picha chini ya maji, na kama ilivyo ada yangu, nilianza kwa kulinganisha bei nikaishia kusoma historia. Sijuti. Ukijua kila kifaa kilibuniwa kutatua tatizo gani, ile orodha ndefu ya sifa iliyobandikwa kwenye boksi inaanza kuleta maana, na unaona pia ni sifa zipi ziliwekwa pale kwa ajili ya kukupunguzia pesa mfukoni tu.

Najua kuna atakayeuliza: mtu wa Nairobi na kamera ya majini, wapi na wapi? Kutoka Kimathi Street hadi baharini ni safari ya karibu kilomita 480, na mto tulio nao hapa mjini hakuna mwenye akili timamu angezamisha hata kiatu humo. Swali zuri. Nitalijibu mbele kidogo, kwa sababu baadhi ya picha maarufu zaidi za chini ya maji zilizowahi kupigwa Kenya hazikupigwa baharini hata kidogo.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Seyyid Said wa Unguja, wakili mmoja wa Uingereza aitwaye William Thompson alitia kamera ndani ya sanduku, akaishusha kwa kamba kutoka kwenye mashua katika ghuba ya Weymouth. Sanduku lilifika kama mita 5 na nusu. Alifungua kifuniko cha lenzi kwa kuvuta kamba, akasubiri dakika 10, akapandisha. Sanduku lilikuwa limejaa maji ya chumvi. Hata hivyo kioo chenye picha kilikuwa na taswira hafifu ya mawe na mwani. Kwa hiyo msomaji, picha ya kwanza kabisa ya chini ya bahari ilitoka kwenye kamera iliyoingia maji. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu miaka zaidi ya 160 baadaye hofu ya kwanza ya kila mnunuzi bado ni ileile ya Thompson.

Mtu aliyelichukua jambo hili kisayansi alikuwa Mfaransa Louis Boutan, mwanazuolojia wa maabara ya Banyuls-sur-Mer. Mwaka 1893 alizama mwenyewe na kamera iliyokuwa ndani ya kasha la chuma, lililobuniwa kwa msaada wa kaka yake Auguste aliyekuwa mhandisi. Kitu kilichonivutia ni mfuko wa mpira wenye hewa uliounganishwa na kasha. Kadiri kasha linavyoshuka, maji yanaubana mfuko, hewa inasukumwa ndani, na presha ya ndani inakaribiana na ya nje. Yaani badala ya kujenga ukuta mnene wa kushindana na bahari, aliiacha bahari yenyewe imfanyie kazi. Mimi naiheshimu sana akili ya namna hiyo.

Shida ya pili ya Boutan ilikuwa mwanga. Baadhi ya picha zake zilihitaji hadi nusu saa, na samaki gani atakaa tuli nusu saa? Akatumia taa ya magnesiamu iliyowaka ndani ya chupa juu ya pipa la hewa. Ilikuwa zana nzito ya kutisha, lakini flashi ya majini ilianzia pale.

Rangi ilichelewa sana. Mwaka 1926, huko Dry Tortugas, Florida, William Longley na Charles Martin walipiga picha ya rangi ya samaki chini ya maji, na jarida la National Geographic likaichapisha Januari 1927. Mbinu yao: unga wa magnesiamu juu ya chelezo, ukilipuliwa wakati kamera inafunguka chini. Ukiona bei ya flashi ya majini leo ukataka kulia, kumbuka kwamba wenzako waliwahi kuelea karibu na baruti.

Tatizo hili la rangi nalieleza kidogo kwa sababu ndilo linaloamua nusu ya ununuzi. Maji hula mwanga, lakini hayali rangi zote sawasawa. Nyekundu huondoka kwanza. Ukifika mita 5 umeshapoteza sehemu kubwa, na baada ya hapo kila kitu kinaelekea buluu au kijani. Tena mwanga unahesabu safari nzima, kutoka juu hadi kwa samaki na kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Samaki aliye mita 3 mbele yako ana rangi mbaya kuliko aliye nusu mita, ingawa wote wako kina kilekile. Ndiyo maana wapiga picha wa majini wanakuambia usogee, kisha usogee tena. Hans Hass, Mwaustria aliyepiga mbizi na kamera tangu miaka ya 1930, alikuwa bingwa wa kusogea. Kasha la Rolleimarin la kamera ya Rolleiflex, lililotoka mwaka 1954, lilitokana na kazi yake.

Sasa tukaribie kwetu. Mwaka 1956 filamu ya Jacques Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, ilishinda tuzo kuu pale Cannes. Watu wengi huikumbuka kwa yule samaki mkubwa, chewa, aliyewafuata wapiga mbizi kama mbwa wa nyumbani. Huyo chewa alikuwa jirani yetu: walimpiga picha kwenye kisiwa cha Assumption, Ushelisheli. Ndani ya filamu hiyohiyo, kikosi cha Cousteau kinalipua matumbawe kwa baruti ili kihesabu samaki wanaoelea. Mtu wa pwani yetu akiitazama leo anashika kichwa, kwa maana uvuvi wa baruti ni balaa ambalo vijiji vingi vya Bahari ya Hindi vimepigana nalo kwa miaka. Kamera ilipewa sifa ya kuwafungulia watu dunia ya kimya, na baruti haikuulizwa chochote.

Ni huyohuyo Cousteau aliyetaka kamera ndogo isiyohitaji kasha. Mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters akamtengenezea, ikauzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Calypso, na mwaka 1963 Nikon wakaitoa kama Nikonos. Hapa ndipo kila kitu kilipobadilika. Mwili wa kamera wenyewe ndio kasha. Siri yake ni oringi, ule mpira wa duara ambao makanika wote wa Kirinyaga Road wanaujua. Niels Christensen, Mdenmark aliyehamia Marekani, alipata hataza yake mwaka 1939. Uzuri wa oringi ni kwamba presha ikiongezeka, mpira unabanwa zaidi kwenye mfereji wake na kuziba zaidi. Ni lile wazo la Boutan katika vazi jingine. Unywele mmoja, punje moja ya mchanga juu ya mpira huo, na habari yako imeisha.

Niliwahi kuishika Nikonos V ya rangi ya machungwa kwenye kabati la kioo la duka moja la kamera kuukuu hapa katikati ya jiji, ghorofani, zile ngazi za giza karibu na Moi Avenue. Ilitoka mwaka 1984, na Nikon waliacha kabisa kutengeneza kamera za ukoo huo mwaka 2001. Mzito, imara, inapendeza. Mwenye duka alikuwa mzee mpole.

"Kijana, hii ukiiangusha sakafuni, fundi atakuja kutengeneza sakafu," akaniambia.

"Na filamu yake, mzee?"

"Filamu ndiyo utatafuta wewe."

Sikuinunua, ingawa moyo uliuma. Nikonos haikuonyeshi umbali wa kitu kupitia kioo chake cha kutazamia. Unakisia kwa macho, unazungusha kitufe, unaomba Mungu. Na maji yanadanganya macho: kupitia kioo bapa kila kitu kinaonekana karibu zaidi kwa takribani robo, na kikubwa zaidi kwa theluthi hivi. Una picha 36 tu, huwezi kubadilisha filamu ukiwa chini, na makosa yako utayajua ukisharudi Nairobi na kusafisha filamu. Mwanafunzi hujifunza kwa kupata majibu haraka. Programu inayochukua wiki moja kukuambia umekosea mstari wa tatu, nani angeitaka?

Lile swali la wapi na wapi sasa. Ndani ya Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu hupenya miamba ya volkano, huchujwa chini kwa chini, na kutokea Mzima ikiwa safi kama kioo. Sehemu ya maji hayo husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Humo kuna viboko, mamba na samaki. Alan Root, aliyezaliwa London mwaka 1937 na kuletwa Kenya akiwa mtoto, na mkewe Joan, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, waliingia humo na kamera. Filamu yao, Mzima: Portrait of a Spring, iliwaonyesha watu viboko wakitembea kwenye sakafu ya maji kwa madaha, kana kwamba hawana uzito, na samaki wakiwasafisha ngozi. Kabla ya hapo kiboko kwa wengi wetu alikuwa masikio mawili na pua juu ya maji.

Gharama yake haikuwa ya mchezo. Katika miaka ya 1970, wakiwa Mzima tena, kiboko aliwashambulia. Jino lake lilipasua miwani ya kuzamia ya Joan usoni, yeye akanusurika. Alan aliumwa mguu vibaya akaletwa hospitali Nairobi. Joan aliuawa nyumbani kwake Naivasha Januari 2006, na Alan akafariki Agosti 2017. Nikitazama kazi yao naona jambo ambalo boksi la kamera haliandiki: walikaa sehemu moja kwa muda mrefu hadi wakajua kiboko yupi hupita wapi na saa ngapi. Ubora wa kioo cha lenzi ulikuja baada ya hapo. (Na tafadhali, usiende kujaribu Mzima. Kuna chumba cha chini ya maji chenye madirisha ambamo mgeni hutazama akiwa mkavu, kinatosha.)

Baharini nako mambo yalikuwa yakienda. Mwaka 1968 Kenya ilitangaza mbuga za bahari za Malindi na Watamu, za kwanza nchini. Basi mtu angedhani tuna hazina ya picha za matumbawe yale tangu enzi hizo, mwaka kwa mwaka, mwamba kwa mwamba. Hapo ndipo historia ya vifaa inapoacha kuwa burudani.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 wazazi wetu wanazikumbuka kwa barabara zilizokatika. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Joto lilelile lililoleta mvua lilipasha Bahari ya Hindi, na kati ya Machi na Mei 1998 matumbawe ya pwani yetu yakapauka, na sehemu kubwa ikafa. Mpango wa CORDIO, ambao sasa una makao yake Mombasa, ulianzishwa mwaka 1999 kwa sababu ya msiba huo. Watafiti walikuwa na takwimu zao, zilizoandikwa kwa penseli kwenye vibao vya plastiki huku wakiogelea juu ya futikamba. Kazi nzuri sana, na ndiyo inayotuwezesha kujua kilichopotea. Lakini mvuvi wa Watamu aliyepita juu ya mwamba uleule kila siku kwa miaka 30, aliyejua tumbawe lipi lilikuwa kubwa kama meza, hakuwa na picha. Angeipigia nini? Mwaka 1998 kamera ya majini ya heshima ilikuwa Nikonos au kasha la gharama kubwa, na kamera za dijitali za watu wa kawaida ndiyo kwanza zilikuwa zinachipuka. Waliokuwa na picha zaidi ni watalii, na picha zao ziliondoka nao uwanja wa ndege.

Matumbawe yamepauka tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Kwa hiyo ninapochagua kamera, swali langu limebadilika kutoka "ipi inapiga picha nzuri" hadi "ipi nitaweza kurudi nayo mahali palepale mara kumi."

Enzi ya dijitali ilishusha bei kwa hatua, nami nazipita haraka. Kwanza makasha ya plastiki angavu ya kamera ndogo za Canon na Olympus, miaka ya 2000. Kisha GoPro, ambayo ya kwanza mwaka 2004 ilikuwa ya filamu ya kufungwa mkononi, si ya dijitali kama wengi wanavyodhani, na ambayo mwaka 2016 katika HERO5 Black ilianza kuingia majini mita 10 bila kasha. Kisha kamera sugu za Olympus za ukoo wa TG. TG-4 ya mwaka 2015 ilileta kitu muhimu kuliko vyote kwangu: kuhifadhi data ghafi ya sensa. TG-6 ilitoka 2019, na TG-7 ikatoka 2023 chini ya jina OM System. Zote hizo huzama mita 15 zenyewe, na kwa kasha lake mita 45.

Kwa nini data ghafi? Hapa wenzangu wa programu mtanielewa. Picha ya JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256. Chini ya maji chaneli nyekundu imebanwa kwenye ngazi chache za chini, tuseme 20. Ukiivuta baadaye ili irudi mahali pake unapata ngazi zilezile 20 zilizotawanywa, na samaki wako anakuwa na mabaka. Data ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096, kuna pa kufanyia kazi. Mwaka 2019 Derya Akkaynak na Tali Treibitz walichapisha mbinu waliyoiita Sea-thru. Walionyesha kwamba fomula iliyokuwa ikitumika, iliyoazimwa kutoka kwenye picha za ukungu wa angani, haifai majini, kwa sababu mwanga unaopotea kutoka kwa kitu na mwanga unaotawanywa na maji hadi kwenye lenzi hufuata kanuni tofauti. Wakijua umbali wa kila pikseli, wanaondoa maji kwa hesabu. Hakuna kubahatisha rangi ya samaki. Hata bila mbinu hiyo, kadi ndogo ya kijivu iliyopigwa picha kwenye kina kilekile inakupa sehemu ya kuanzia, na ni rahisi mno.

Simu je? Simu nyingi za sasa zina alama ya IP68. Soma maandishi madogo: jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi yaliyotulia, na chumvi haimo. Simu yangu ina M-Pesa yangu. Inabaki mkobani.

Halafu kuna jambo la watu wa mwinuko ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kukuambia. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Ukifunga kasha gumu ukiwa Kilimani, ukalifungulia Watamu, hewa ya pwani imelikandamiza. Kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 kinabanwa kama kilo 18 zimekaa juu yake. Usilazimishe kwa bisibisi! Ni nguvu ileile ambayo, kwenye kina cha mita 10, itafika kilo 100 hivi, kwa hiyo kasha halitaumia. Faida nayo ipo: hewa ya Nairobi ni kavu na baridi kuliko ya pwani, na kasha lililofungwa huku haliingii ukungu ndani ya kioo kirahisi. Hasara ni kwamba ukifunga Mombasa na kurudi Nairobi, kifuniko kinasukumwa nje, kwa hiyo safari ya kurudi legeza klipu.

Basi nilichoamua ni hiki. TG-6 iliyotumika, kwa sababu tofauti yake na TG-7 haistahili pesa ya ziada kwa anayeanza. Kasha lake, hata kama sitashuka zaidi ya mita 5, kwa sababu nataka vizuizi viwili kati ya maji na mashine. Flashi sinunui sasa. Nitapiga asubuhi jua likiwa limepanda, nikiwa karibu, kwenye maji ya kina kifupi ambako nyekundu bado ipo. Kamba ya mkononi yenye boya. Kadi ya kijivu. Na jedwali la maji kupwa na kujaa, kwani siku za bamvua maji hukimbia na kuinua mchanga, wakati maji mafu hutulia. Msimu nao una lake: kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, bahari huwa angavu. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, kaa Nairobi uandike programu.

Mwamba niliouchagua uko ndani ya mbuga ya Watamu, mahali mtu anaweza kuelea bila kukanyaga tumbawe lolote. Nitapiga kutoka alama tatu zilezile kila nikienda.

Kabla ya kukata tikiti ya treni kutoka Syokimau kuna jaribio moja bado. Kuna bwawa Lavington ambalo Jumamosi asubuhi huwa tupu. Kasha linafungwa bila kamera, likiwa na karatasi ya tishu ndani na jiwe la uzito, linazamishwa upande wenye kina kwa nusu saa. Linatolewa, linafutwa kwa taulo, kisha linafunguliwa uso ukitazama chini ili matone ya nje yasidondokee ndani. Tishu ikitoka kavu, kamera inaingia.